Nyuzi Sabini na Mbili

Siku ya nne baada ya moto, fundi mitambo aliwahi benchi la kituo cha polisi kabla hata mfagiaji hajamaliza ukumbi. Alikaa pale pale alipokaa jana na juzi, magoti yamebanana, kofia ya kazi mikononi.

"Amesema?" aliuliza mara tu mpelelezi alipotokeza.

"Nani, mzee?"

"Mlinzi. Ameshakubali kwamba ni yeye?"

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayehesabu hatua zake. Wenzake walimwita Kipimo, kwa sababu hakuwahi kuingia eneo la tukio bila utepe wa kupimia mfukoni. Lilianza kama kejeli, likaishia kuwa jina.

"Bado tunachunguza, mzee wangu."

"Mnachunguza nini? Mtu anavuta sigara kwenye kiwanda cha magodoro! Binti yangu nimezika sanduku lililopigiliwa misumari, sikuonyeshwa hata uso. Mnachunguza nini?"

Kipimo alimsogelea. Alimgusa bega, akapita.

Ofisini Mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri na faili mkononi, kalamu imeshatolewa kifuniko.

"Watu saba, Kipimo. Mji mzima unataka jina. Jina tunalo, liko mahabusu. Hebu funga hiki kitu."

"Afande, kitabu cha getini kinaonyesha saa nane na dakika kumi mchana mlinzi alikuwa anaandika namba za lori. Dereva wa lori anathibitisha. Moto umeanza saa nane na robo upande wa pili wa kiwanda, kwenye nyaya za mashine ya kukaushia sponji. Zimamoto wameandika hivyo kwa mkono wao."

"Dakika tano zinatosha kwenda kutupa kishungi cha sigara."

"Kwa mwenye miguu miwili mizima. Yule anatembelea gongo."

Mkuu alirudisha kifuniko cha kalamu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani kabla hajashiba.

"Kesho jioni," alisema. "Isipite hapo."

*

Kila mtu mjini aliuliza nani kawasha moto. Kipimo alikuwa na swali jingine, na swali hilo lilikuwa juu ya mlango.

Kiwanda kilikuwa na vyumba viwili vikubwa vilivyopakana. Kimoja stoo ya sponji, ambako moto ulianzia. Kingine chumba cha washonaji, ambako wanawake ishirini na sita walikuwa kwenye cherehani. Kati yao palikuwa na ukuta wa matofali wenye uwazi mmoja mpana wa kupitisha mikokoteni, na kwenye uwazi huo mlango mzito wa bati nene uliotembea juu ya reli. Reli iliinamishwa kidogo makusudi. Mlango ulizuiwa usiteremke na waya wenye jiwe la uzito, na katikati ya waya, juu karibu na dari, palikuwa na kiungo kidogo kisichozidi nusu ya kidole. Joto likipanda, kiungo kinayeyuka, waya unakatika, mlango unateremka wenyewe na kuuzuia moto upande wa pili. Hauhitaji umeme wala mtu wa kukimbia kuufunga.

Zimamoto waliukuta umefungwa. Waliandika: *Mlango ulifanya kazi. Moshi ulipita darini.*

Kipimo alisimama chumba cha washonaji, cherehani zimepinda, vitambaa vimekuwa majivu ya kushikana. Ukuta mzima ulikuwa mweusi tii. Mzima, isipokuwa pembeni mwa mlango, ambako palikuwa na pande kubwa jeupe, limekatwa kingo kama kwa rula.

Alitoa utepe. Upana wa pande jeupe: mita mbili na sentimita arobaini. Akaupima mlango. Mita mbili na sentimita arobaini. Kimo hivyo hivyo.

Askari aliyekuwa naye alikuna kisogo. "Palipakwa rangi upya, afande?"

"Palizibwa. Mlango ukiwa wazi, hapo ndipo unapoegemea. Moshi ulipaka chumba chote kasoro pale ulipofunikwa na mlango. Sasa niambie, wakati ukuta huu unakuwa mweusi, mlango ulikuwa wapi?"

Askari alitazama pande jeupe, akatazama mlango, mdomo ukabaki wazi.

"Ulikuwa wazi."

"Ukafunga baadaye. Ulipofunga, watu walikuwa wameshakufa." Akapiga magoti chini ya mwisho wa waya. "Niletee chekeche."

Walichekecha majivu muda wa saa nzima. Kilichobaki juu ya wavu ni misumari, vifungo, kidani kimoja kilichoyeyuka nusu, na vibati viwili vya njano, vyembamba, kila kimoja kikiwa na matundu matatu. Ndani ya matundu palikuwa na pete za kitu cha kijivu.

*

Mshonaji aliyelazwa hospitali hakuweza kusema kwa sauti. Moshi ulikuwa umemla koo. Alizungumza kwa mnong'ono, na nesi alimpa Kipimo dakika kumi.

"Ule mlango tuliupa jina, dada," alisema. "Mama Mkwe. Maana alikuwa anaingia bila hodi."

"Kivipi?"

"Tuko kazini, hakuna moto, hakuna nini, unasikia *krrr*, umejifunga. Mara tatu mwezi mmoja. Mikokoteni inakwama upande wa pili, kazi inasimama, meneja anakuja juu kama maziwa."

"Ilianza lini hiyo?"

"Walipoisogeza mashine ya kukaushia karibu na mlango, wapate nafasi ya mzigo. Pale juu palikuwa na joto, dada! Tulikuwa tunaanika kanga zetu zikauke."

"Halafu?"

"Halafu fundi akautengeneza. Ukatulia." Alifumba macho, akameza mate kwa taabu. "Tulimshukuru. Sindano alimpikia baba yake siku hiyo, akatuambia amempa paja zima la kuku. Sindano ndiye yule binti wa fundi, mwembamba. Alikuwa anakaa cherehani ya mwanzo kabisa. Ile ya jirani na mlango."

*

Mkufunzi wa metali katika chuo cha ufundi alikuwa mama mtu mzima aliyevaa ndala na koti la maabara lenye matundu ya tindikali. Alipokea mfuko wa Kipimo kwa vidole viwili.

"Umeniletea nini, mwanangu? Uchafu?"

"Ushahidi, mama."

"Kwetu ni kitu kimoja mpaka kisafishwe."

Alivisafisha vibati, akavipima, akakwangua ile pete ya kijivu, akaitia tindikali, akaipasha moto huku akisoma kipimajoto. Ilimchukua muda wa saa mbili. Kipimo alikaa kwenye stuli akimtazama. Hatimaye mkufunzi akavuta droo, akatoa vipande viwili vya metali, urefu wa kalamu.

"Kunja hiki."

Kipimo alikikunja kwa dole gumba. Kilikubali kama ngozi.

"Hiyo ni shaba tupu. Sasa hiki."

Kipande cha pili, cha njano, kiligoma mpaka vidole vikauma.

"Hiyo ni shaba iliyotiwa zinki. Shaba ya njano. Vibati vyako ni hiyo. Aliyeunda kiungo hiki awali alitaka kitu kisichovutika kikining'inizwa mzigo mwaka hadi mwaka."

"Kwa nini iwe ngumu kuliko shaba yenyewe?"

"Metali tupu ni kama matofali ya ukubwa mmoja, safu juu ya safu. Ukiisukuma, safu inateleza juu ya mwenzake. Ukiitia metali nyingine, unapenyeza chembe za ukubwa tofauti, safu zinakwama. Mchanganyiko huo ndio aloi. Ndiyo maana hakuna anayejenga daraja kwa chuma kitupu, wala anayetengeneza pete ya kuvaliwa kila siku kwa dhahabu tupu. Mara nyingi tunachanganya ili kupata ugumu."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingine tunautaka udhaifu." Mkufunzi alishusha miwani. "Katikati ya vibati hivi palitakiwa pawe na aloi ya metali nne: bismuthi, risasi, bati na kadimi. Sikiliza vizuri. Bati peke yake linayeyuka nyuzi mia mbili thelathini na mbili. Bismuthi, mia mbili sabini na moja. Kadimi, mia tatu ishirini na moja. Risasi, mia tatu ishirini na saba. Ukizichanganya kwa vipimo vyake, zinayeyuka nyuzi ngapi?"

"Mia mbili na ushei. Katikati hapo."

"Ndivyo wanavyojibu wanafunzi wangu wote. Sabini na mbili. Maji ya chai yanatosha."

Kipimo aliacha kuandika.

"Yaani kila moja peke yake inahimili joto kuliko zote zikiwa pamoja?"

"Haswa. Zikiwa pamoja, kila moja inamsumbua mwenzake kujipanga ili igande. Joto kidogo tu, zimeachiana. Na hapo ndipo kazi yake ilipo. Kile kiungo kimeumbwa kishindwe mapema, kabla ya mtu."

"Na hiki nilichokuletea?"

"Hiki hakina aloi. Mtu ametoboa vibati matundu matatu, akamimina risasi ikawa ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati. Risasi tupu, mwanangu. Haina hata chembe ya bati."

"Ya kutoka wapi?"

"Si ya betri, ya betri hutiwa antimoni ikakaza. Si ya kulehemu; hiyo lazima iwe na bati. Hii ni laini kama nta. Mimi ningetafuta bomba kuukuu la maji, yale ya enzi zile kabla hayajapigwa marufuku."

"Kwa moto wa sponji, kiungo cha kweli kingekatika baada ya muda gani?"

"Dakika moja haiishi."

"Na hiki?"

"Mpaka juu pale pafike mia tatu na kitu. Dakika nne. Tano."

Kipimo aliandika namba hizo mbili, moja chini ya nyingine.

"Mama, kama mahali pana joto la kawaida, la mashine, kiungo kinayeyuka ovyo. Fundi angefanya nini?"

"Angeagiza cha nyuzi mia na arobaini. Vipo. Unabadilisha vipimo vya mchanganyiko tu, unapata joto unalotaka. Au aisogeze mashine." Mkufunzi alikigeuza kibati chini ya taa. "Tazama matundu yalivyolingana. Kingo amezilainisha kwa tupa, upande ambao hakuna mtu angeuona. Ribiti tatu, maana alijua moja ingevutika kwa uzito. Aliyefanya hivi si mtu wa hovyo. Amefanya kazi nzuri sana." Akakirudisha kibati mfukoni kama kinamchoma. "Laiti angekuwa mvivu."

Alipoondoka, Kipimo alikuwa na kiungo kipya cha kweli ndani ya bahasha, alichopewa na mkufunzi.

*

Karakana ya kiwanda ilikuwa nyuma, mbali na moto, na haikuguswa. Fundi mitambo aliifungua mwenyewe. Alikuja kwa haraka, akitangulia mbele, kama mtu aliyesubiri siku nne mtu amwombe chochote.

"Chukua unachotaka, afande. Fungua makabati yote. Kama kuna kitu kitamfunga mlinzi yule, beba."

"Mlinzi nimeagiza aachiliwe, mzee. Hakuwasha moto. Ni nyaya za mashine."

Fundi alisimama na ufunguo mkononi. "Nyaya."

"Ndiyo."

"Basi hakuna mtu."

Kipimo alikuwa ameshaingia ndani. Macho yake yalikuwa yanatembea ukutani. Vifaa vilitundikwa kwa ukubwa, kila kimoja na kivuli chake kilichochorwa kwa chaki. Keekee za kutobolea zilipangwa kwenye ubao wenye namba. Juu ya rafu ya chini, kando ya kijiko cha chuma chenye mpini mrefu, palilazwa kipande cha bomba la kijivu, kimekatwa kwa msumeno, mkato unang'aa.

"Hili bomba ni la nini?"

"Risasi hiyo. Tulipong'oa mabomba ya zamani ya maji, nikaweka moja. Nayeyusha, nafanyia vitu vidogo vidogo."

"Kama vitu gani?"

"Vizito vya mizani. Gasketi. Kile kiungo cha mlango." Aliona Kipimo anaandika, akaendelea kwa sauti ya mtu anayemweleza mwanafunzi. "Cha kiwandani kilikuwa kibovu, kinakatika bila sababu. Meneja alinijia juu, akasema, 'Fanya ule mlango usinisumbue tena.' Viungo vya akiba vilikwisha. Nikatoboa vile vibati vya zamani, nikapiga ribiti. Risasi si inayeyuka? Hata kwenye jiko la mkaa inayeyuka. Nikasema, moto ukija itayeyuka tu. Na iliyeyuka, afande. Mlango ulifunga. Zimamoto wameukuta umefungwa."

"Ulikipima?"

"Nilikitundikia kilo hamsini wiki nzima. Hakikuvutika hata unywele."

"Nauliza joto."

Fundi alimtazama.

Kwenye meza palikuwa na birika la umeme na kikombe cha bati. Kipimo alichemsha maji. Alisimama karibu na birika mpaka lilipozima. Akajaza kikombe, akakata kwa kisu kijipande cha lile bomba, kiasi cha punje ya mahindi, akakitumbukiza. Kisha akatoa kiungo kutoka kwenye bahasha.

"Hiki ni cha kweli. Kama kile cha zamani."

Akakitia majini.

Fundi aliinama. Muda mfupi tu, vibati viwili vikaachana, kimoja kikaegemea ukingo, na chini ya kikombe tone la fedha likawa linatetemeka huku na huku. Kando yake, punje ya risasi ilikaa ilivyo, kingo zake kali za kisu zikionekana waziwazi.

Fundi alitoa kalamu ya risasi mfukoni, akaisukuma ile punje. Akaisukuma tena. Akasubiri. Maji yakaanza kupoa.

"Zote si ni risasi," alisema. "Na ile ina risasi ndani, si ndiyo?"

"Ina risasi ndani, imechanganywa. Ikichanganywa inayeyuka mapema. Peke yake inataka mia tatu ishirini na saba."

"Hakuna aliyeniambia."

"Najua."

"Sikuuliza pia." Alikaa kwenye kreti. Mikono yake mikubwa ilining'inia katikati ya magoti, haina kazi. "Ile ya kweli ingefunga baada ya muda gani?"

Kipimo angeweza kusema wataalamu bado wanapima. Askari wake, aliyesimama mlangoni, alimtazama kwa jicho la kumsihi aseme hivyo.

"Dakika moja."

"Na yangu?"

"Nne. Au tano."

Midomo ya fundi ilitikisika; alikuwa anahesabu. Kutoka cherehani ya kwanza hadi mlango wa nje, mwendo wa mtu aliyeshtuka, mwembamba, mwenye miguu mizima.

"Angetoka," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Wote wangetoka."

"Ndiyo."

*

Ofisi ya meneja ilikuwa jengo la mbele, ina zulia na kiyoyozi. Meneja alimkaribisha kiti, akampa pole kana kwamba aliyefiwa ni Kipimo.

"Mashine ya kukaushia ilisogezwa kwa amri ya nani?"

"Ilisogezwa, nakumbuka."

"Na nani?"

"Na wafanyakazi."

"Waliamka asubuhi wakajisikia kusukuma tani mbili?"

Meneja alitabasamu. "Afande, kiwanda ni kama nyumba. Vitu vinahama."

"Ulimwambia fundi afanye mlango usikusumbue."

"Huenda nilisema. Maneno ya kazini hayo. Lakini sikumwambia aweke risasi. Mimi ni mtu wa utawala, sijui risasi wala bati. Mwenye ujuzi ni yeye, na ujuzi wake ndio tulioutegemea sote."

"Aliomba viungo vipya?"

"Kuna karatasi?"

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakuuliza. Maana ingekuwepo, usingenisumbua na maswali." Alisimama, akanyoosha tai. "Tumempoteza binti mzuri, yule wa fundi. Nilimpa kazi mimi mwenyewe, baba yake aliponiomba. Mwambie tutamsaidia na wakili. Kiwanda hakimtupi mtu wake."

Kipimo alifunga daftari. Kutoka dirishani alimwona askari wake, ndani ya lango wazi la stoo ng'ambo ya ua, akiikagua sakafu, akionyesha kwa mguu alama za mburuzo wa mashine: zilianza ukutani mbali, zikaja moja kwa moja hadi mlangoni. Alama zilikuwepo. Mdomo uliotoa amri haukuacha alama. Ilibaki shahidi mmoja tu.

*

Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, yaani fundi, yaliandikwa alasiri ya siku ya mwisho aliyotoa Mkuu, chumba cha mahojiano, meza moja, viti vitatu, dirisha lenye wavu. Kipimo alimsomea haki zake. Fundi aliitikia kwa kichwa kila mwisho wa sentensi. Hakutaka wakili wa kiwanda wala wa mtu yeyote.

Alieleza yote, kwa mpangilio, kama anavyoeleza mtu ubovu wa injini: mashine iliposogezwa, mlango ulipojifunga, mara ngapi, bomba alikata sentimita ngapi, keekee namba ngapi. Kipimo aliandika kwa mkono, kurasa mbili na nusu, kisha akamsogezea asome.

Fundi alisoma kwa kidole. Kwenye ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"Umeandika nini hapa?"

"'Niliagizwa na meneja.'"

"Futa."

"Mzee, ndicho ulichoniambia karakana. Mbele ya askari wangu."

"Nilisema alisema usinisumbue. Hakutaja risasi."

"Aliisogeza mashine. Aligoma kuagiza viungo. Uliomba, hukuomba?"

"Niliomba mara mbili. Kwa mdomo."

"Basi sema hivyo. Bila neno hili, mwanasheria wa serikali hana pa kumshikia meneja. Anatoka bila hata swali la pili."

"Atoke."

"Na wale sita wengine? Wana wazazi, wana watoto. Wanataka kujua nani aliwawekea joto lile mlangoni. Utawaambia nini?"

Swali hilo lilimgonga. Fundi aliisugua pembe ya karatasi kwa kucha.

"Nitawaambia ni mimi. Nilijua joto ndilo linaloyeyusha kile kiungo. Mimi ni fundi, afande, nilijua. Kazi ilikuwa kuisogeza mashine, na nilikuwa na mdomo wa kukataa. Nikaona aibu kurudi kwake mara ya tatu. Nikasema, ah, mimi ni fundi, nitapata njia." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waketi. "Una watoto?"

"Wawili."

"Basi nielewe. Ukinigawia huyu mtu humu ndani, nitaanza kumlaumu. Nikianza kumlaumu, nitapata usingizi. Sitaki usingizi."

"Hii si yako peke yako, mzee. Sheria haiangalii unataka nini."

"Sheria inataka saini yangu. Si ndiyo? Bila kufuta, sisaini."

Mlango ulifunguliwa nusu, Mkuu wa kituo akachungulia. Saa ya ukutani nyuma yake ilikuwa kumi na moja na nusu. Aliinua nyusi, akaashiria karatasi, akaashiria saa, akafunga.

Kipimo aliichukua kalamu, akairudisha mezani. Akaichukua tena. Alimsomea fundi sentensi ile mara ya pili, polepole, akimpa nafasi. Fundi alingoja amalize, mikono imetulia juu ya meza.

Kwenye maelezo ya polisi neno halikwanguliwi wala halipakwi wino. Utaratibu unataka mstari mmoja tu, wa rula, na chini yake neno lililofutwa lazima liendelee kusomeka, ili hakimu atakayelisoma ajue lilikuwa nini. Kipimo aliweka rula. Alivuta mstari mwembamba kuliko yote aliyowahi kuvuta kazini, akaandika juu yake, *niliamua mwenyewe*, kisha akasogeza karatasi.

Fundi alisaini pembeni mwa mstari, herufi zimenyooka, hazikutikisika hata moja.